Kupausha jaketi la ngozi linalong'aa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye jaketi la ngozi, jipya au la mtumba, linalong'aa kama limepakwa vanishi, naye anataka lionekane limevaliwa miaka mingi. Kabla ya yote, elewa kwamba kupauka si kukauka. Unachopunguza ni utando wa juu tu. Mafuta yaliyo ndani ya ngozi lazima yabaki, au yarudishwe siku hiyohiyo, kwa sababu ngozi iliyokauka haichakai kwa uzuri. Inapasuka.

Kwa nini jaketi langu linang'aa hivyo?

Mara nyingi si ngozi yenyewe inayong'aa. Kiwandani ngozi hupakwa rangi, kisha juu yake hupuliziwa utando mwembamba wa kuilinda: laka ya nitroselulosi, akriliki au poliyurethani. Utando huo ukiwa laini kabisa hurudisha mwanga upande mmoja, kama kioo. Ukikwaruzwa kidogo, au ukichanganywa na unga laini sana wa silika, mwanga hutawanyika na ngozi huonekana imepauka. Kwa hiyo una njia mbili: kuuondoa au kuukwaruza utando uliopo, au kupaka mwingine usiong'aa juu yake. Kazi nzuri huchanganya zote mbili.

Chanzo cha pili ni kitu kilichopakwa baadaye: kiwi, nta, au dawa ya kung'arishia yenye silikoni. Jaketi la mtumba linaweza kuwa limepakwa kitu kama hicho ili livutie sokoni. Huo ni mng'ao wa bandia na hutoka kwa sabuni peke yake.

Nitajuaje kama ni ngozi halisi?

Tazama upande wa nyuma wa ngozi. Fumua sentimita 5 za mshono wa bitana karibu na pindo la chini, au geuza mfuko wa ndani nje. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama za swedi. Ngozi bandia ina kitambaa kilichofumwa, na juu yake plastiki. Ile iliyotengenezwa kwa vumbi la ngozi na gundi huwa na nyuma iliyo sare mno, kama kadibodi laini.

Usitegemee harufu, maana hupuliziwa. Usitegemee lebo pia.

Langu ni la ngozi bandia. Naweza kufanya haya?

Hapana. Asetoni, kimiminika cha kuondolea utando, huyeyusha au kulainisha plastiki yake, ikawa inanata na kushika kila vumbi. Msasa nao hukifikia kitambaa haraka, na hapo hakuna cha kurekebisha. Unaloweza kufanya ni kulisafisha kwa sabuni na kupaka tabaka moja jembamba la akriliki isiyong'aa. Likiwa limeshaanza kubambuka, achana nalo. Plastiki hiyo mara nyingi ni poliyurethani, ambayo huvunjwavunjwa na unyevunyevu pamoja na joto, na hakuna mafuta wala gundi ya kuizuia ikishaanza.

Nianze na nini?

Sabuni, hata kama una uhakika kwamba utahitaji asetoni. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji, kama ya kuogea mtoto, katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Lowesha sponji, ikamue sana, sugua kwa mizunguko, kisha futa kwa kitambaa chenye maji matupu. Acha likauke kivulini kwenye henga pana kwa saa 24.

Likishakauka, litazame dirishani kwa mwanga wa pembeni. Kama mng'ao umepungua kwa nusu, ulikuwa na nta tu na huenda kazi yako imeisha. Ukiona maji yanajikusanya matonematone na kukimbia sehemu fulani, kuna silikoni. Rudia kuosha, kwa kuwa akriliki utakayopaka baadaye haitashika juu ya silikoni: itajikunyata na kuacha vitundu vya duara kama macho ya samaki.

Jaribio la asetoni linafanywaje?

Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kichovye kwenye asetoni, kisha kisugue mahali pasipoonekana: chini ya kola, au nyuma ya zipu. Hesabu hadi kumi. Soma pamba.

Ikitoka nyeusi au kahawia na mahali pale pamepoteza mng'ao, utando wako ni laka au akriliki na utaondoka kwa asetoni. Ikitoka safi, una poliyurethani iliyokomazwa, nayo haijali asetoni. Utakwenda kwa msasa. Ikitoka na rangi nyingi mno na ngozi ikabaki na doa la rangi tofauti, simama: hapo rangi na utando ni kitu kimoja, na asetoni italiacha na mabaka. Kwa jaketi hilo tumia spiriti iliyo kali kiasi, ya asilimia 70, kwa mkono mwepesi.

Tonesha pia tone moja la maji. Likizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, ngozi yako haina utando wa maana. Mng'ao ulionao ni wa nta au wa kusuguliwa, na hupaswi kabisa kutumia asetoni.

Niandae vitu gani?

Asetoni safi mililita 200 inatosha jaketi zima la mtu mzima, na nyingine itabaki. Dawa ya kutolea rangi ya kucha si mbadala mzuri: nyingi zina mafuta, manukato na rangi, na nyingine hazina asetoni kabisa. Thina ya rangi za mafuta usiiguse, hukausha ngozi vibaya na harufu yake hukaa miezi.

Andaa vitambaa vyeupe vya pamba, fulana kuukuu inafaa. Visiwe vya rangi, maana asetoni itahamishia rangi ya kitambaa kwenye ngozi. Ongeza msasa namba 400 na 600 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi), mafuta ya ngozi, akriliki isiyong'aa ya kumalizia mililita 120, sponji mbili na tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Vaa glavu za mpira, ukijua kwamba asetoni hupenya zile nyembamba kwa dakika chache. Zibadilishe zikianza kulainika.

Fanya kazi nje au penye upepo. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na hushika moto kutoka mbali kuliko unavyodhani. Jiko la mkaa, mshumaa na sigara viwe mbali kabisa.

Utando unaondolewaje hatua kwa hatua?

Kwanza linda vitu vingine. Bitana ya asetati huyeyuka kabisa ikiguswa na asetoni, na vifungo na zipu za plastiki hupoteza umbo. Funika kingo za bitana kwa tepu, zungushia vifungo, ingiza mfuko wa nailoni ndani ya mikono.

Lilaze jaketi mezani. Mimina asetoni kwenye kitambaa, kamwe si kwenye ngozi, kiasi cha kitambaa kuwa na unyevu bila kudondosha. Fanya eneo moja lenye ukubwa wa kiganja. Pitisha kitambaa kwa mwelekeo mmoja, mara 2 au 3, kisha geuza upande safi.

Kugeuza kitambaa ndiko wengi wanakokosea. Mpito wa kwanza unalainisha utando: utausikia kidogo kwenye vidole, kitambaa kinaanza kugoma kama kinapita juu ya asali iliyokauka. Mpito wa pili unaubeba. Ukirudisha kitambaa kilekile kichafu, unaupaka tena utando uliouondoa, nao hukauka kwa michirizi inayong'aa zaidi kuliko mwanzo. Kwa mgongo mmoja wa jaketi utageuza na kubadilisha vitambaa mara nyingi kuliko ulivyotarajia. Ndiyo kazi ilivyo.

Asetoni huruka haraka, kwa hiyo usiache ukingo wa eneo moja ukauke kabla hujaunganisha na jirani yake. Nenda kipande kwa kipande, ukitumia mishono kama mipaka: paneli ya kushoto mbele, paneli ya kulia, mkono mmoja, mkono mwingine, mgongo, kola mwisho. Ukisimama katikati ya paneli utaacha mstari.

Usitafute kuondoa kila kitu. Sehemu ambazo mwili na mazingira hazisugui, kama chini ya kwapa na chini ya kola, ziache na mng'ao kidogo. Jaketi lililopauka sawasawa kila mahali halionekani limevaliwa. Linaonekana limetiwa dawa.

Asetoni haitoi chochote. Nifanye nini?

Tumia msasa namba 600 ukiwa mkavu, umekunjwa juu ya sponji ili shinikizo lisambae. Pitisha kwa mizunguko midogo, ukibeba uzito wa mkono tu. Utaona vumbi jepesi na mng'ao ukigeuka kuwa ukungu. Hapo simama na futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Lengo ni kukwaruza uso wa utando, si kuutoboa, na akriliki isiyong'aa itamalizia.

Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria hazifai. Hukatika na kubaki ndani ya vinyweleo, kisha hushika kutu. Na kama ngozi ilitengenezwa kwa magome ya miti, chuma kikikutana na tanini, kemikali itokayo kwenye magome hayo, pamoja na unyevu hutoa madoa meusi yasiyotoka.

Nichakaze wapi ili ionekane kweli?

Litazame jaketi kuukuu la mtu yeyote ujifunze. Ngozi huliwa penye kona na penye kuguswa: ukingo wa mikono, hasa upande wa kidole gumba; midomo ya mifuko; mkunjo wa juu wa kola; pindo la chini ubavuni linapogusana na kiti; kando ya zipu; na migongo ya mishono ya mabegani, ambapo kamba ya begi hupita. Viwikoni huwa na mikunjo zaidi ya mikwaruzo. Katikati ya mgongo, karibu hakuna kitu.

Msasa namba 400 uelekee kwenye kingo hizo tu. Mipito 5 hadi 10 myepesi, tazama, ongeza. Namba 220 ni ya ngozi nene ya ng'ombe, ya milimita 1 au zaidi, na kwenye kingo peke yake. Ngozi ya kondoo, ambayo mara nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.8, isiguswe na kitu chochote kikali kuliko namba 600. Tabaka lake la juu limeshikana kwa ulegevu na lile la chini, na ukilichimba hubambuka kama ganda.

Usisugue uzi wa mshono. Uzi ukikatika, sura ya uchakavu imegeuka kuwa shimo.

Nilisugua ikatokea rangi ya kijivu badala ya kahawia. Kwa nini?

Kwa sababu ya namna ngozi ilivyotengenezwa. Ngozi nyingi za majaketi hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu, na ngozi hiyo hutoka kwenye mapipa ikiwa na rangi ya buluu. Ikipakwa rangi bila kupenya mpaka kiini, ndani hubaki na kijivu-buluu, na hapo ndipo msasa wako umefika.

Yale majaketi meusi yanayofunua kahawia yakichakaa yana siri nyingine: ngozi ilipakwa kahawia ndani, kisha nyeusi juu. Wajapani huiita *chashin*, yaani kiini cha chai, na wapenzi wa majaketi ya kale huitafuta kwa makusudi. Huwezi kuipata kwa msasa ikiwa haipo.

Hivyo kabla ya kusugua popote, chungulia rangi ya kiini kwenye ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko au chini ya bitana. Ukikuta kijivu, usisugue hadi ndani. Ishia kwenye kupausha. Kama kijivu kimeshatokea, paka rangi ya ngozi ya kahawia iliyokolea kwa kijiti cha pamba, mguso mdogo mdogo, futa mara moja kwa kidole. Mara 2 au 3 zitatosha kuifanya ionekane uchakavu wa kweli.

Mikunjo ya viwiko na kifua naipataje?

Kwa maji na mwili. Pulizia maji ya uvuguvugu viwikoni, ndani ya mkunjo wa mkono na kiunoni hadi ngozi iwe na unyevu lakini haidondoshi. Livae. Kunja na kunjua mikono, kaa, inuka, fikia mabega, dakika 15 hadi 20. Kisha livue, likunjekunje kwa mikono pale unapotaka, na uliache likauke kivulini kwa saa 24 hadi 48.

Usiliweke juani, wala kwenye mashine ya kukaushia nywele, wala chini ya pasi. Ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto, na ile ya magome huanza kusinyaa karibu na nyuzi joto 70 hadi 80 za Selsiasi. Ikisinyaa huwa ngumu kama ubao, nayo hairudi.

Kwa jaketi la kahawia, unaweza kukoleza mikunjo: paka kiwi ya kahawia iliyokolea kidogo sana, kisha futa papo hapo sehemu zilizoinuka. Rangi itabaki kwenye mabonde. Usilipige brashi, maana brashi ndiyo inayorudisha mng'ao.

Mafuta gani nipake, na lini?

Siku ileile ya asetoni, mara ngozi ikishakauka. Mafuta ya miguu ya ng'ombe ni mazuri, au losheni maalumu ya ngozi. Vijiko viwili vya chakula vinatosha jaketi zima. Weka kwenye kitambaa, sambaza tabaka jembamba, subiri saa 24, futa yaliyobaki juu. Ngozi itakolea rangi kidogo, ni kawaida.

Mafuta ya nazi yaache jikoni. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na penye baridi ya Arusha au Nairobi hutokeza ukungu mweupe juu ya ngozi. Mafuta ya alizeti huoza na kunuka. Vaselini hukaa juu, ikanata na kung'aa, yaani hukurudisha ulikotoka.

Akriliki isiyong'aa inapakwaje?

Subiri mafuta yanywewe kwanza, siku moja au mbili. Tikisa chupa dakika nzima. Unga unaotawanya mwanga huzama chini, na usipotikisa, tabaka la kwanza litang'aa na la mwisho litakuwa na weupe wa chaki. Paka kwa sponji yenye unyevu, mipito mirefu, tabaka jembamba kama jasho. Subiri dakika 30, paka la pili. Usilikunje wala kulivaa kabla ya saa 24, kwani nyuso mbili zikigusana mapema hushikamana.

Usiiruke hatua hii. Ngozi uliyoivua utando haina tena kinga: jasho la shingo, mvua na mafuta ya nywele vitaingia moja kwa moja.

Nataka lising'ae tu, sitaki lichakae.

Basi osha kwa sabuni, pitisha msasa namba 600 kwa wepesi mkubwa au spiriti tu, paka akriliki. Acha asetoni.

Magadi, siki au jiki je?

Hapana kwa vyote. Ngozi ina asidi kidogo kwa asili ya matengenezo yake, na magadi huivuruga ikawa ngumu na dhaifu. Jiki hula nyuzi zenyewe za ngozi. Siki inaweza kuhamisha rangi na kuacha mabaka. Hata kama mng'ao ukipungua, umelipa kwa uhai wa jaketi.

Na mashine ya kufulia?

Hutoa mafuta ya ndani, husinyaza bitana na ngozi kwa vipimo tofauti, na jaketi hutoka limepinda mabegani. Usijaribu.

Nimezidisha. Kuna mabaka na michirizi.

Michirizi inayong'aa ni utando uliopakwa tena na kitambaa kichafu. Rudia paneli nzima, toka mshono hadi mshono, kwa kitambaa safi. Ukigusa mstari peke yake utaongeza wa pili.

Mabaka ya rangi ni rangi iliyoondoka. Rudisha kwa rangi ya ngozi ya maji, matabaka mawili au matatu membamba kwa sponji, kisha akriliki isiyong'aa. Fundi viatu mzoefu anaweza kukuchanganyia rangi inayofanana. Mpelekee jaketi lenyewe, si picha, kwa kuwa simu hudanganya rangi.

Ngozi ikiwa ngumu na inalia unapoikunja, imekosa mafuta. Paka tabaka jembamba, subiri siku, rudia, hadi mara tatu. Ikishakuwa na nyufa zinazoonyesha kiini, mafuta hayataziba.

Ni jaketi la kuendeshea pikipiki. Kuna tatizo?

Liondolee mng'ao kama kawaida, lakini usitumie msasa kabisa mabegani, viwikoni na kwenye mishono. Unene wa ngozi na uimara wa uzi ndivyo vinavyokukinga ukiteleza kwenye lami, na hapo ndipo unapoangukia. Ukitaka sura ya uchakavu, weka kwenye kola na midomo ya mifuko.

Ngozi yangu ni ile ya kioo, kama viatu vya harusi. Inawezekana?

Utando wake ni mnene mno. Ukiuondoa chini yake hukuti ngozi nzuri, na ukiukwaruza hupasuka vipande penye mikunjo. Liuze, ununue jingine.

Naishi pwani. Litakaaje baada ya kazi yote hii?

Ngozi iliyotiwa mafuta penye unyevunyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huota kuvu haraka. Lining'inize kwenye henga pana penye hewa, lifunike kwa shuka la pamba, si mfuko wa nailoni. Ukiona vumbi la kijani au jeupe, lipeleke nje, lifute kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kisha liache lipigwe upepo kivulini kutwa nzima. Likikauka, paka mafuta kiasi cha kijiko kimoja cha chai pale ulipofuta. Spiriti inaweza kulainisha akriliki, kwa hiyo ukiona mahali pale panang'aa au panapauka kuliko jirani zake, ongeza tabaka moja jembamba la akriliki hapohapo.